Mtoto wa Majivuni

Nilipokuwa mtoto kule Sirisia, niliogopa jalala la majivu nyuma ya jikoni kuliko yale makaburi mawili madogo kwenye migomba. Makaburini walilala ndugu zangu wachanga, na hao walikuwa wameshaondoka. Jalala lilimngoja atakayefuata.

Mama alipojifungua tena, nyumbani kama kawaida, nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu, alisema kifo kimezoea mlango wetu. Dawa ni moja: mtoto atupwe majivuni, mtu wa nje amwokote, na huyo ndiye awe mwenye mtoto mpaka tumkomboe kwa kuku. Kifo hakina haja na kitu kilichotupwa.

Zahanati Kukhu hakutaka hata kuisikia. "Ati mumpeleke kwa foleni, watu wa jicho baya wamwangalie?" Mama aliolewa akiwa msichana wa shule, kwa hivyo hakuwa na sauti mbele ya mama mkwe. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mahindi huko Kitale.

Asubuhi moja mtoto aliamka anawaka moto, amekataa kunyonya. Kukhu akamlaza majivuni, akaniambia nijifiche nichunge mbwa wasimkaribie. Mama alibaki mlangoni. Jirani tuliyepatana naye aje kumwokota hakutokea. Mtoto akalia, akalia, halafu akanyamaza. Jamani, ukimya ule! Nilijiziba mdomo, nikijua amekufa.

Ndipo akapita mama mmoja Mkikuyu, mnunuzi wa maharagwe kutoka Kitale, asiyejua mila yetu hata kidogo.

"Ngai! Nani ametupa mtoto?" Akamnyanyua. "Na vile ako moto!"

"Ni wetu!" nikapiga kelele.

"Wenu na mmemtupa? Hospitali iko wapi?"

Kukhu alitoka mbio kumpokonya, kisha akasimama ghafla. Mila ilikuwa yake mwenyewe: aliyeokota ndiye mwenye mtoto.

"Mfuateni," akasema kwa sauti ndogo. Mama yangu alikuwa ameshatangulia kuonyesha njia, miguu mitupu.

Muuguzi alisema kitovu kimeoza kwa sababu ya kinyesi cha ng'ombe tulichompaka. Mtoto alichomwa sindano kwa siku nyingi, akapona. Tukampa yule mama kuku wake, akacheka sana. Mtoto tukamwita Makokha, jina la majivu kwa lugha yetu.

Kukhu alikufa akiapa ni majivu yaliyomponya, nami sibishani na marehemu. Lakini nina mtoto wangu sasa, na akipata homa hofu ile ile hunirudia. Namwona mama yangu mlangoni, gauni limelowa maziwa, akitazama mtoto wake akingoja mgeni. Njia ya zahanati aliijua vizuri. Hakuna aliyemuuliza.