Wote Walijua ni Masizi

Saa moja asubuhi, katika soko la Garissa, Lul Abdow anazungusha kijiti kinachofuka ndani ya mtungi mtupu. Anaufunika, anangoja moshi ukolee, kisha anapangusa ndani kwa kitambaa safi. Ndipo anamimina maziwa ya ngamia yaliyoletwa alfajiri kutoka malishoni, anaketi kungoja wanunuzi.

Wanunuzi wenyewe ni wa kuhesabu. Miezi mitatu iliyopita mjane huyu wa miaka 47 aliuza lita arobaini kwa siku. Siku hizi akiuza tisa anashukuru Mungu.

"Mama yangu alifukiza hivi hivi kule Tarbaj," anasema. "Maziwa bila moshi inaharibika mapema. Hii si siri, kila mtu anajua."

Kilichomponza ni picha moja. Kijana ambaye hajawahi kununua kwake hata kikombe alipiga picha maziwa yenye chembe nyeusi, akaituma katika kundi la WhatsApp la mtaa, lenye watu 612. Akaandika: "Huyu mama anatuuzia uchafu."

Chembe zile ni masizi ya kijiti. Aliyelelewa Garissa na asiyejua hilo bado hajazaliwa, na wapo wanaosema maziwa yasiyonukia moshi hayana ladha. Lakini siku ile wajuzi wote waliingia mitini. Kumi walitukana, hamsini wakacheka, waliobaki wakasoma na kunyamaza.

Lul alituma ujumbe wa sauti kueleza. Mtu akaukata, akauwekea mlio wa ngamia, nao ukasambaa hadi Liboi, kule mpakani na Somalia.

Binti yake Ifrah, aliye kidato cha pili, ndiye aliyekuwa akimsomea matusi hayo. Mama akamwambia aache, amsomee badala yake majina ya waliousikiliza ujumbe wake, kwa kuwa simu huyaonyesha. Walikuwa 388.

"Alisoma mpaka sauti ikakauka," anasema Lul. "Shemeji yangu yuko. Wanawake tunauza nao hapa, wako. Kuna mmoja nilimwosha mama yake alipokufa, pia yuko. Wallahi, yule kijana simjui, hakuniuma. Hawa nawajua."

Msimamizi wa kundi hilo, Daud, aliliambia gazeti hili kwamba kundi ni la matangazo na yeye haingilii ugomvi wa watu. Alipoulizwa kama yeye mwenyewe hunywa maziwa ya kufukizwa, alisema hunywa kila siku.

Majirani hawakumtupa Lul kabisa, na hapo ndipo panapotia uchungu. Wanakuja mmoja mmoja, wanainama, wanampa pole kwa sauti ya chini kana kwamba wao ndio walioiba kitu. Kila anayempa pole, Lul humpa simu na kumwomba aseme maneno hayo hayo mle kundini. Hadi sasa hakuna aliyesema.

Asubuhi hii ni zamu ya mwalimu Bishar, mteja wake wa miaka tisa.

"Eeddo, nilifikiri mtu mwingine atasema," anamwambia, akimwita shangazi kwa Kisomali.

"Watu mia sita, mwalimu," anajibu Lul. "Kila mmoja alingoja huyo mwingine."

Mwalimu anaishika simu, kisha anairudisha. Anasema kesho, inshallah. Anaondoka na lita yake.

Mambo yakibaki hivi hadi mwisho wa muhula, Lul atafunga biashara arudi Tarbaj kwa dada yake, na Ifrah atalazimika kuacha shule anayoipenda. Lul hataki kuondoka. Wala hataki kijana yule aadhibiwe. Anasema hilo halitamrudishia mteja hata mmoja.

"Nataka mtu mmoja aseme pale, mbele ya wote, 'Namjua huyu mama,'" anasema. "Maziwa yangu wanameza vizuri. Hilo neno ndiyo linawakwama."