Kupumzika Ndani ya Mashine

Tangu pikipiki iliponiangusha pale Ntinda nilikuwa na tatizo moja: nikizama katika mawazo, sitoki. Mwanafunzi ananyoosha mkono, namwona vizuri kabisa, lakini mimi niko mbali, nimebebwa na kitu laini kama usingizi wa adhuhuri. Kengele inalia, ubao bado mtupu. Mwalimu wa hesabu asiyehesabu! Mwalimu mkuu alinipa likizo, akasema nitarudi daktari akiridhika. Niliogopa sana. Baada ya kufiwa na mama, lile darasa ndilo lililonibakia.

Daktari wangu wa Wandegeya alikuwa Mkongo, kijana mcheshi. Alinieleza kwamba ubongo haulali hata mtu akikaa bure. Ukipumzika, sehemu fulani zake hupiga soga zenyewe kwa zenyewe, habari za jana, za kesho, za watu wako. Kazi ikija, hizo hushusha sauti na nyingine zikashika zamu. Alitaka kuona kama zangu bado zinapokezana.

Basi nikavua bangili, nikaacha na tasbihi, nikalazwa ndani ya lile bomba la mashine ya kupiga picha za ubongo. Liligonga kama mafundi wote wa Katwe kwa pamoja, mpaka kelele zenyewe zikaanza kunibembeleza.

Daktari alipozitazama picha alikuna kichwa.

"Mama, nilikuambia upumzike. Mbona kichwa iko natumika tu, mwanzo mpaka mwisho? Na ile kidole yako ilikuwa nafanya nini?"

Nikacheka. Nyumbani kwetu, kwa Wanubi sisi, hakuna kukaa hivi hivi. Mikono isiposuka kikapu, ulimi una dhikri. Niliambiwa nipumzike, nami nikapumzika tunavyopumzika: subhanallah, subhanallah, kidole gumba kikipita kwenye pingili za vidole, bila kuruka hata moja. Na tangu tumzike mama nilikuwa nimezidisha.

"Hiyo ni kazi, mama," akasema. "Tunarudia. Sasa uache kichwa iende kwenye inapenda."

Nikarudi bombani, vidole nimevibana chini ya mapaja. Kwanza giza. Halafu harufu ya ubani, halafu uani kwetu baada ya mvua, na mama ameketi mkekani, ameinyoosha miguu yake juani. Hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikuwa akinisimulia harusi ya jirani, nani alicheza vibaya, nani alirudia sahani, nami nimelaza kichwa pajani pake. Kumbe miezi yote ile nilikuwa naogopa kumkuta. Nilikuwa na hamu naye, jamani, hamu ya kuumiza.

Ndipo sauti ya daktari ikaingia kutoka nje: mia, toa saba, toa tena saba, kimoyomoyo, usisimame.

Sikutaka. Nilijua wazi kwamba nikibaki pale uani, darasa limekwenda. Lakini mama alikuwa bado anasimulia, ameanza kucheka kabla ya kufika penye kichekesho, kama kawaida yake.

Picha za safari hii zilimfurahisha daktari. Alinionyesha mahali ambapo upande mmoja ulishusha sauti na mwingine ukaamka papo hapo, akasema Jumatatu niende zangu shuleni. Nilipatambua. Ni pale niliposema tisini na tatu, na mama akanyamaza katikati ya neno.