Msingi wa Zahanati

Nilimwahidi mama kwamba kamwe sitauita msingi jengo. Leo harufu ya saruji mbichi imenirudisha kwenye mteremko wetu wa Umatengo, ambako akina mama walipandisha mawe kutoka mtoni ili tupate zahanati. Mama aliyabeba akiwa mjamzito.

Msingi ulipokamilika, mgeni rasmi aliugonga kwa kiatu. “Hongereni, zahanati mnayo!”

“Shikamoo, baba,” mama alisema. “Basi nilale hapa nijifungue?”

Watu walicheka. Mama hakucheka.

Mdogo wangu alizaliwa njiani kuelekea hospitali ya mbali, akazikwa kabla ya kupewa jina. Juu ya msingi ule, hadi leo, tunaanika kahawa.

Ndugu msomaji, ukialikwa kuupigia msingi makofi, tafadhali uliza kwanza kuta zitaanza lini.