Mahindi Tuliyoyafunika kama Kimea

Kiangazi kile mume wangu alikuwa ameshaamua: malisho yakituishia, ng'ombe wetu wa maziwa, ndiye huyohuyo mmoja, apelekwe kwa kaka yake kule bondeni Rukwa. Simlaumu. Hapa Malangali mabua yalikuwa yamebaki kidogo na maziwa yalishapungua. Nikaomba kwanza nijaribu kuotesha mahindi kwa maji matupu, bila udongo, kama bwana mifugo alivyotuelekeza. Akakubali, ila mwisho ni siku kaka yake atakapopanda kuja kumchukua.

Nikapasua madumu, nikatoboa matundu chini, nikatandaza mahindi niliyoloweka. Mama mkwe akayatazama.

"Si kimea hiki? Funika, mwanangu. Baridi ya hapa itayaua."

Ametengeneza kimea cha ulezi, cha kupikia pombe ya komoni, tangu usichana wake. Ningebisha kwa lipi? Nikafunika kwa gunia, yakachipua vizuri sana, nami nikazidi kufunika. Niseme haki: yeye hakusema mpaka lini, na mimi sikuuliza.

Nilipofunua, ukungu mweupe ulikuwa umetanda. Mume wangu akachungulia, akashika pua.

"Mama, huyu ng'ombe tunamlisha au tunamnywesha komoni?"

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Kimea kikishachipua tunakianika. Haya yako unataka yawe majani. Yatakuaje gizani?"

Tuliyafukia yote, maana ukungu unaua mifugo. Nikasugua madumu, tukaanza upya. Safari hii gunia lilitoka mara tu vichipukizi vilipotokeza, nikawa nanyunyizia maji asubuhi na jioni. Mizizi ikashikana kama mkeka, juu kijani kitupu. Ng'ombe akanusa, akageuza uso. Nikajua basi. Mama mkwe akayachanachana, akachanganya na mabua, ng'ombe akala.

Maziwa yaliongezeka, si sana. Huenda ni yale majani, huenda ni pumba ambazo mume wangu alianza kuleta wiki hiyohiyo. Sina uhakika.

Shemeji alifika na kamba begani, akamwamkia mama yake, akapewa kikombe cha maziwa.

"Mbona hamjamfungua?"

"Anakula," mume wangu akajibu. "Mwache. Mvua zikichelewa tutaongea."

"Yaani mimi nimepanda mlima wote ule kunywa maziwa?"

"Si umeyanywa?"

Nilitaka kumuuliza mume wangu kama amesema kwa moyo, au amemwonea aibu mama yake. Lakini alishainama uani, anapasua dumu jingine.