Hema Lililofuliwa Mno

Baba yangu aliwaita watu wanaosafiri kwa magari yenye vitanda "konokono." Alikuwa mpagazi wa Mlima Kenya upande wa Chogoria, na kwa miaka mingi alipanda akiwa na mizigo ya wageni mgongoni na hema lake mwenyewe juu ya mizigo hiyo. Hema lenyewe alipewa na mgeni mmoja aliyemaliza safari akiwa amechoka hata kulitazama. Kwa baba, safari ilikuwa miguu na hema, basi. Mtu anayezunguka na jiko, choo na godoro kwenye magurudumu alikuwa hajatoka kwake, amehamisha tu nyumba.

Kwa hiyo siku aliponipigia simu nikiwa dukani kwangu Embu, akaniomba nitafute gari la namna hiyo la kukodi, nilidhani mzee ameanza kupotewa na akili.

"Mama yako amekataa kusikia," alisema. "Anataka kwenda kulala huko juu kwa hema. Na magoti yake hayo! Kuja na hiyo gari ya kulala, mami. Akiona kitanda atanyamaza."

Aliniita mami tangu utotoni, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Akiniita hivyo hujua siwezi kumkatalia. Hata hivyo sikumwacha hivi hivi. Nilimuuliza kama si yeye aliyewacheka konokono maisha yake yote.

"Hata konokono hulala pakavu," akanijibu, akakata simu.

Mama naye alikuwa na lake. Alikuwa ameuona mlima ule kila asubuhi kutoka mlango wa jikoni tangu alipoolewa, na hakuwahi kulala huko hata siku moja. "Nimefua hiyo hema mpaka mikono ikaota sugu," aliniambia. "Nataka nilale ndani yake, mahali baba yako alikuwa analala. Mwaka huu naenda. Mwakani mtanibeba kama gunia."

Kufua hakukuwa maneno matupu. Baba alipokuwa akirudi kutoka mlimani, mama alimpokonya hema kabla hajamaliza kumsalimu. Alilitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, kisha akalisugua kwa burashi ya sakafu huku akiimba nyimbo za kanisa. Alilianika juu ya ua wa miti ya kayaba, juani, mpaka likakauka kama chapati iliyosahauliwa. Kijani chake kilififia kikawa rangi ya majani ya ndani ya kabichi. Mwisho alilikunja, akaweka kipande cha sabuni ya kuogea katikati ya mikunjo. Wanawake wengine walijivunia vitambaa vya viti. Mama yangu alijivunia hema.

Kitu kingine ninachokumbuka kuhusu miaka hiyo ni karatasi ya nailoni ya bluu ambayo mama alianikia maharagwe. Ilikuwa na kiraka cheupe alichokishona mwenyewe kwa uzi wa gunia, na ilikuwa na tabia ya kupotea. Ilipotea, ikarudi, ikapotea tena. Mama alikuwa na uhakika ni jirani wa ng'ambo ya ua. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema kwa sauti ya kuvuka ua, na baba alikuwa akipuliza chai yake bila kuinua macho. Ikirudi, mama alisema wameogopa Mungu.

Gari nililopata lilikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki na mfereji. Nilipowafuata nyumbani, mama alipanda nyuma akakaa kama mke wa askofu aliyekuja kutembelea parokia. Alifungua mfereji, akaufunga. Alibonyeza godoro.

"Ni kuzuri," alisema. "Lakini ni kama kwa daktari." Halafu akajilaza kwenye hilo hilo godoro la daktari, na kabla hatujaacha lami alikuwa amelala fofofo.

Hapo ndipo baba aliposogeza kichwa karibu na usukani.

"Mami, usimwache alale kwa hema. Inavuja."

"Imeanza kuvuja lini?"

"Zamani. Hicho kitambaa kilikuwa na dawa ya kuzuia maji. Ukisugua na sabuni, inatoka. Mama yako aliitoa yote."

Nilishusha gia. Matope yalikuwa mengi na msitu ulikuwa umetubana pande zote. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mwaka ule wa kwanza, akaokoa nguo zake na mbavu zake.

"Ungemwambia wewe?" alisema. Nikatazama kwenye kioo, nikamwona mama amelala mkono chini ya shavu.

Tulisimama kwenye uwanja wa nyasi ambapo gari haliruhusiwi kuendelea, juu ya mianzi, na vilele vikiwa wazi mbele yetu. Mama alishuka akaviangalia kwa muda mrefu. Kisha akageuka akauliza hema liko wapi.

Nilijaribu. Nilimwambia habari za baridi, za magoti, za choo cha ndani ya gari. Nilimwambia hata habari za chui, jambo ambalo naona haya kulikumbuka. "Wewe lala na sinki yako," alinijibu. Baba aliniangalia, nikamwangalia, akaanza kupigilia vigingi. Alipolifungua hema, harufu ya sabuni ya kuogea ilitoka pale penye nyasi na ubaridi, na mara moja nilikuwa nyumbani, ni jioni ya Jumamosi, na miguu imeoshwa.

Mvua ilianza tulipomaliza kula. Walikuwa wameingia hemani, mimi nikiwa garini na chai yangu ya moto, mlango umefungwa. Dirishani nilimwona baba akitoka ameinama. Alivuta kitu kutoka chini ya gari, akakitandaza juu ya hema, akakifunga pembe kwa mawe. Alifanya hivyo upesi, kama mtu aliyekizoea. Kisha akarudi ndani, na kupitia mvua nikawasikia wakiongea Kimeru polepole, wakicheka, wakinyamaza, wakicheka tena. Nilikuwa mkavu, nina joto, na niliwaonea wivu wazazi wangu.

Asubuhi nilimkuta mama amesimama nje, nywele zimetimka, ameshika pembe ya karatasi ya bluu. Kidole chake kilikuwa juu ya kiraka cheupe.

"Na huyu jirani wa watu nimemsema miaka yote," alisema.

Baba alijishughulisha na kiatu.

"Mzee. Kwani hii hema inavuja?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

Alifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. "Tangu uanze kuifua."

 Niliona mama anahesabu moyoni mvua zote zile, na kikohozi chote kile alichokitibu kwa ndimu na tangawizi akidhani ni mlima.

"Na ukaninyamazia."

"Wenzangu walikuwa wanalala kwa hema zinanuka soksi," baba alisema. "Mimi nikifungua yangu, inanukia kwetu. Ningekuambia uache?"

Mama aliketi kwenye ngazi ya gari akalia, na baba akaja akakaa kando yake, wakabanana kwenye ile ngazi ndogo. Niliwapa chai. Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu ujinga wa wanaume, nikayameza.

Tuliporudi nyumbani nilimwona mama akichota maji, akileta beseni na burashi kama kawaida yake. Alisimama. Akayamwaga yale maji kwenye sukumawiki. Alilitikisa hema, akalianika kivulini, na jioni akalikunja na matope yake. Kisha akaingia ndani, akarudi na kipande cha sabuni ya kuogea, akakiweka katikati ya mikunjo.