Keziah na Nyama Isiyo na Ngozi

Mwaka wa 1984, mahindi ya Keziah kule Burat yalikauka yakiwa yamefika magotini. Mbuzi walibaki wawili, beberu mzee na jike mmoja mwenye maziwa. Maziwa hayo ndiyo yaliyomweka hai mjukuu wake, Njambi, mtoto wa miezi minane ambaye mama yake alifariki akimzaa. Fisi walikuja hadi mlangoni. Waliowazuia ni mbwa wake, Tinga na Bosi.

Miaka yote aliwapikia mbwa ugali mwepesi na mifupa iliyochemshwa hadi ikawa myeupe. Nyama mbichi, hata kidogo, hakuwapa. Kwao Nyeri ilijulikana kwamba mbwa akionja damu hutamani mifugo. Lakini sasa unga wa manjano wa msaada haukutosha hata watu, na mbwa walilala mchana kutwa, mbavu nje, bila kubweka.

Guyo, mchungaji jirani, alimkuta akiwakwangulia sufuria.

"Mama, ng'ombe wangu wamelala kando ya barabara, wamekufa, na wewe bado unapikia mbwa kama wageni wa harusi?"

"Wakionja mbichi watakula mbuzi wangu."

"Mbwa hajui ile nyama ilikuwa nani. Chuna ngozi. Toa kichwa, toa kwato, uwape mbali na boma. Mimi siwezi kula mzoga, lakini mbwa hana dini."

Keziah alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kisha akanoa kisu.

Kila asubuhi alichuna mzoga wa ng'ombe kando ya barabara, akakata vipande, akawalisha kwenye mto mkavu. Siku ya kwanza Tinga alitapika. Siku ya kumi wote wawili walibweka, na fisi hawakuonekana tena.

Kisha Keziah akashikwa na homa. Siku mbili mbwa hawakula. Siku ya tatu beberu akafa nyuma ya nyumba. Keziah alijaribu kumchuna, kisu kikamponyoka mara mbili. Akamvuta mguu hadi kwa mbwa, na ngozi yake, na kwato zake, na kengele ingali shingoni.

"Leo tu," akawaambia.

Walikula mchana kutwa, kengele ikilia kila walipovuta.

Jioni Guyo, aliyekuwa akimchungia Keziah tangu augue, alirudisha mifugo iliyobaki, na jike wa Keziah akaingia bomani, kengele yake ikilia. Tinga na Bosi wakainuka. Hawakubweka. Mate yaliwadondoka.

Keziah akasimama katikati na kuni mkononi.

"Wameshajua," Guyo akasema polepole. "Hawa ni wa kuuawa, mama."

"Na fisi?"

Guyo akaswaga mifugo yake kwenda kwake.

Keziah alimvua mbuzi kengele, akamwingiza ndani na kumfunga kwenye mguu wa kitanda alicholala Njambi. Akafunga mlango, akaketi sakafuni na panga, akitetemeka kwa homa. Mbwa wakaja kulala kizingitini kama kawaida yao. Alizisikia pua zao zikinusa chini ya mlango, asijue kama wanalinda au wanangoja.