Adui wa Flati Namba Tisa

Katika riwaya yangu, adui alikuwa na macho ya fisi, pumzi ya soksi, na chuki dhidi ya watoto, mpira na furaha kwa jumla. Dada yangu, msomaji wangu wa kwanza na wa mwisho, aliniuliza, "Kwa nini ana roho mbaya hivyo?"

"Kazaliwa hivyo," nikamjibu. "Wengine huzaliwa na meno, huyu kazaliwa na kinyongo."

Ukweli ni kwamba nilimnakili kutoka koridoni kwetu. Jirani yetu, mzee wa Kikongo, mlinzi wa duka mjini, anaishi peke yake flati namba tisa, hapa mtaani kwetu, Troyeville. Kwa ujanja mkubwa wa kifasihi, nikamweka namba kumi. Mpira ukigusa mlango wake, anatoka na fagio kama anakwenda vitani. Jengo zima tulishaacha kumsalimia.

Mama naye alishaapa: nikimkejeli mtu mzima tena, daftari lote litaondoka na gari la taka.

Mwezi wa Ramadhani, Mama hupeleka futari milango mitano, desturi aliyoibeba kutoka Tanga. Namba tisa haikuwemo. Halafu familia moja kati ya hizo tano ikahamia mtaa wa Fordsburg, sahani moja ikakosa mwenyewe.

"Mpelekee yule mzee wa tisa."

"Mama, atanipiga fagio."

"Utakufa umefunga, pepo hiyo. Nenda."

Nikagonga, nikamsukumia sahani, nikatoka mbio. Tulipomaliza kufuturu nikafungua daftari. Ukurasa wa adui haupo.

"Nani kachana daftari langu?"

"Mimi," akajibu Mama. "Nilitandika chini ya sambusa, zisivuje mafuta. Kwani mlikuwa na la maana humo?"

La maana! Adui yangu alikuwa anakula sambusa juu ya macho yake ya fisi.

Siku mbili nilikwenda shule kwa ngazi za nyuma. Ya tatu akaja mwenyewe, sahani mkononi. Mama akafungua mlango. Mimi nikaanza kuliaga daftari.

"Mama, aksanti," akasema, kisha akanigeukia. "Na weye njo mwandishi?"

"Mwandishi wa nini?" Mama akadakia.

Mzee akamtazama Mama, akanitazama mimi, nami nikaota mvi. "Wa masomo. Naona kila siku iko na kalamu."

Sahani haikurudi tupu: wali, maharage na samaki wa chumvi. Chini yake, karatasi yangu imekunjwa. Hakufuta kitu. Fisi yupo, soksi zipo. Ameongeza sentensi moja tu: "Kila siku ya Mungu anapikaka wali ya watu tano, sababu hajui kupika ya mtu moja."

Sura tatu nzima nilikuwa namjenga, naye kanipiku kwa mstari mmoja wenye harufu ya sambusa.

Sura ya tisa nilikuwa nimemlisha mamba. Ikabidi nimtoe mdomoni mwa mamba, kazi ngumu kuliko hesabu za mwalimu wetu. Dada haulizi tena swali lake. Ila macho ya fisi nimeyaacha, anastahili: Jumapili ya baada ya Idi mpira uligusa mlango wake, akatoka na fagio vile vile, akatutukana vile vile. Kisha akaniuliza kama nimeshakula.